Mirihi Ndani ya Mtungi

Anayepika maharage Kibabi hujiandaa kwa kuni nyingi. Huko juu katika milima ya Masisi, mashariki mwa Kongo, maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100, kwenye nyuzi 94 au 95 hivi, kwa sababu hewa ya mlimani ni nyepesi na huyakandamiza maji kidogo kuliko ile ya pwani. Sufuria inatokota, povu linapanda, lakini maharage bado magumu. Kanuni hiyohiyo ikisukumwa hadi mwisho wake inatufikisha kwenye sayari ya Mirihi. Ufukweni Mombasa mgandamizo wa hewa ni milibari 1,013. Goma, mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, ni kama 850. Mirihi ni wastani wa 6 tu. Kwa mgandamizo huo maji huchemka kwenye nyuzi sifuri. Barafu ikipata joto haikai majimaji, hupanda moja kwa moja ikawa mvuke.

Kwa takriban miaka 70 watu wamekuwa wakitengeneza vyombo vya kuiga hali hiyo hapa duniani, kisha wakafungia vijidudu ndani na kusubiri kuona nani atatoka hai. Vyombo hivyo vilianza kama mitungi ya kioo, leo ni vyumba vya chuma vyenye pampu, taa na vipimo vya kila aina. Historia yake ina somo linalojirudia: chombo hakijui lolote kuhusu sayari zaidi ya anachojua aliyekijaza. Na baadhi ya vilivyojazwa humo vilitoka kwetu, Afrika Mashariki.

Daktari wa marubani

Aliyeianza kazi hii kwa utaratibu ni Hubertus Strughold, daktari Mjerumani aliyezaliwa mwaka 1898. Wakati wa vita vya pili vya dunia aliongoza taasisi ya tiba ya urubani ya jeshi la anga la Ujerumani mjini Berlin, akichunguza kinachompata binadamu hewa inapopungua. Mwaka 1947 Marekani ilimchukua pamoja na wanasayansi wengine wa Kijerumani, ikampeleka Texas kwenye shule ya tiba ya urubani ya jeshi lake la anga. Mwaka 1953 akatoa kitabu, The Green and Red Planet, kilichouliza kama uhai unaweza kuwepo Mirihi. Kwa mtu aliyezoea vyumba vya kupunguzia hewa, kutoka swali la rubani hadi swali la bakteria ilikuwa hatua fupi.

Mitungi yake na ya wenzake haikuwa na makuu. Waliweka ndani ya kioo mchanga mwekundu na lava iliyosagwa, wakatia udongo wenye vijidudu na unyevu kidogo, wakatoa hewa ya kawaida na kuingiza nitrojeni. Mgandamizo ulishushwa hadi milibari 85 hivi. Mchana mitungi ilikaa kwenye joto la kawaida la chumba, usiku ikaingizwa kwenye friji lililoshuka chini kabisa ya sifuri, ili ipate mchana na usiku wa Mirihi kama ulivyodhaniwa. Vijidudu vingi vilikufa. Vilivyozoea kuishi bila oksijeni vilistahimili, na vingine, vikipata unyevu, viliongezeka.

Habari hiyo ilisambaa. Carl Sagan, mwanaastronomia kijana wa wakati huo, alitengeneza mitungi yake, na miaka mingi baadaye, mwaka 1980, akaionyesha kwa watazamaji wa televisheni katika mfululizo wa Cosmos. Jina la mitungi ya Mirihi likabaki vinywani mwa watu.

Chombo hiki kina doa ambalo historia haiwezi kulifuta. Mwaka 1942 chumba cha kupunguzia hewa kilitumiwa na madaktari wa Kinazi katika kambi ya Dachau juu ya wafungwa, na wengi walifia humo. Oktoba mwaka huohuo Strughold alihudhuria mkutano wa Nuremberg ambako matokeo ya majaribio ya baridi juu ya wafungwa wa Dachau yalisomwa mbele ya madaktari. Hakuwahi kushtakiwa, na kwa miaka mingi Wamarekani walimwita baba wa tiba ya anga. Mwaka 2013 chama cha madaktari wa anga nchini humo kiliifuta tuzo iliyobeba jina lake.

Sayari inakanusha mtungi

Kwa nini nitrojeni, na kwa nini milibari 85? Kwa sababu ndivyo darubini za wakati ule zilivyowafanya wanaastronomia wakadirie. Hakuna aliyekuwa amefika karibu. Vijidudu vilivyostahimili mitungini vilistahimili Mirihi ya kwenye karatasi.

Tarehe 28 Novemba 1964 Marekani ilirusha chombo cha Mariner 4. Usiku wa kuamkia tarehe 15 Julai 1965 kilipita kando ya Mirihi, kikapiga picha 22 za ardhi iliyojaa mashimo kama ya mwezi. Kilichowaumiza kichwa watu wa mitungi, hata hivyo, hakikuwa picha. Mariner ilipopita nyuma ya sayari, mawimbi yake ya redio yalilazimika kupenya hewa ya Mirihi kabla ya kukatika, na kwa kupima namna yalivyopinda wanasayansi wakajua hewa hiyo ni nene kiasi gani. Jibu lilikuwa milibari chache tu, tena sehemu kubwa ni kaboni dioksaidi. Mitungi ya Texas ilikuwa imewapa vijidudu hewa nzito zaidi ya mara kumi ya ile iliyopo, tena hewa isiyo yake.

Ndipo mtungi wa kioo ulipostaafu. Kuanzia hapo maabara za Marekani na za Muungano wa Kisovieti, ambako Aleksandr Imshenetsky wa Moscow naye alikuwa akifungia vijidudu katika Mirihi ya kutengeneza, zilihitaji chuma.

Ndani ya chumba cha chuma

Chumba cha kisasa ni pipa la chuma kisichoshika kutu, lenye mlango mnene unaokazwa kwa boliti na kuzibwa kwa mpira. Pampu inanyonya hewa yote. Kisha gesi ya mfano wa Mirihi, asilimia 95 kaboni dioksaidi na iliyobaki nitrojeni na agoni, inaingizwa taratibu kupitia vali mpaka kipimo kisome milibari 6 au 7. Chini ya meza ya sampuli mna mabomba yanayopitisha nitrojeni ya kimiminika. Nayo hushusha baridi hadi makumi ya nyuzi chini ya sifuri. Juu kuna taa ya zenoni inayomulika kupitia dirisha la kwatzi. Kioo cha kawaida hakifai hapo, kwa kuwa kinazuia sehemu kali zaidi ya mionzi ya urujuanimno, na Mirihi haina tabaka la ozoni la kuwakinga waliomo.

Mgeni anayealikwa mara nyingi zaidi ni Bacillus subtilis, bakteria wa udongoni asiye na madhara. Mambo yakimzidi hujikunja ndani ya spora, ganda gumu ambamo hali, hakui, ila anangoja. Mtafiti hudondosha tone lenye mamilioni ya spora juu ya kisahani cha alumini na kuliacha likauke. Visahani hugawanywa mafungu matatu: la kwanza chumbani chini ya taa, la pili chumbani lakini gizani, la tatu nje kabatini. Bila hilo la tatu hakuna kitakachojulikana, maana spora hufa pia kwa kukauka au kwa uzembe wa mkono.

Muda ukiisha, gesi ya kawaida hurudishwa polepole, mlango unafunguliwa, spora zinaoshwa kutoka kwenye visahani. Maji hayo yanazimuliwa mara kumi, mara mia, mara elfu, kisha yanapakwa kwenye sahani za chakula cha bakteria. Kesho yake mtafiti anakaa na kuhesabu madoa. Kila doa ni spora moja iliyotoka hai.

Madoa hayo yamefundisha jambo ambalo mitungi ya kioo isingeweza kulifundisha. Baridi, ukavu na hewa nyepesi haviiui spora haraka. Kinachoua ni taa. Chini ya mionzi mikali kama ya jua la mchana wa Mirihi spora zilizo wazi hufa ndani ya dakika chache, ilhali zilizofunikwa na vumbi jembamba hudumu. Mwaka 2013 watafiti wa Florida, Wayne Nicholson na Andrew Schuerger miongoni mwao, walikwenda mbali zaidi. Walionyesha kwamba bakteria kadhaa, wengine wa udongo ulioganda wa Siberia, hawakuishia kuvumilia tu bali walikua na kuongezeka kwa milibari 7, nyuzi sifuri, ndani ya kaboni dioksaidi. Hao walipewa chakula na unyevu, jambo ambalo Mirihi haiahidi.

Swali linageuka

Mwanzoni chombo kilitumika kuuliza kama kuna walioko kule. Punde likaja swali la pili, gumu zaidi: je, sisi tutawapeleka? Sputnik iliporuka Oktoba 1957, Joshua Lederberg, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka uliofuata kwa kazi ya urithi wa bakteria, alianza kuonya kwamba chombo kichafu kinaweza kupanda mbegu za dunia kwenye sayari nyingine, na baadaye tusijue kipi cha kwao na kipi chetu. Mkataba wa Anga wa mwaka 1967, katika kifungu chake cha tisa, ukazitaka nchi ziepuke uchafuzi wenye madhara. Vyumba vya kuiga Mirihi vikapata kazi ya kudumu: kupima ni vijidudu gani vinavyoweza kusafiri na kufika hai.

Matokeo yake yalionekana kwenye vyombo vya Viking vilivyotua Mirihi mwaka 1976. Kabla ya kurushwa, kila kimoja kilifungiwa ndani ya ganda lake na kuchomwa kwa joto kavu la zaidi ya nyuzi 110 kwa saa nyingi.

Mjini Köln, Ujerumani, Gerda Horneck na wenzake walitaka kulinganisha chumba na anga lenyewe. Spora zao za Bacillus subtilis zilirushwa Aprili 1984 ndani ya chombo kilichoitwa LDEF, zikarudishwa duniani Januari 1990, karibu miaka 6 baadaye. Zilizopigwa na jua zilikuwa zimekwisha kabisa au karibu. Zilizokingwa na jua, hasa zile zilizopandana kwa tabaka pamoja na sukari, nyingi ziliamka. Anga lilithibitisha kilichosemwa na chumba.

Mkazi wa Magadi

Kusini mwa Kenya, katika nchi ya Wamaasai, lipo Ziwa Magadi. Ni bonde la joto kali, maji machache, na tabaka nene la magadi yanayovunwa tangu kampuni ya Magadi Soda ilipoanzishwa mwaka 1911. Anayeona maji yake mekundu hudhani ni udongo. Si udongo. Ni mabilioni ya viumbe wadogo wa kundi la arkea, wasio bakteria ingawa kwa jicho la hadubini wanafanana nao. Maji yao yana chumvi nyingi kuliko bahari na ukali wa magadi unaounguza ngozi. Ukiwatia katika maji baridi ya kunywa, wanapasuka.

Kundi la watafiti wa Chuo Kikuu cha Leicester, Uingereza, likiongozwa na William Grant, lilijishughulisha kwa miaka mingi na maziwa haya. Mwaka 1984 B. J. Tindall, H. N. M. Ross na Grant walimwelezea kiumbe mmoja wa Magadi na kumpa jina Natronobacterium magadii. Mwaka 1997 akahamishiwa ukoo mwingine, akawa Natrialba magadii.

Kwa watafiti wa Mirihi kiumbe huyu alikuwa na mvuto wa wazi. Kama Mirihi ina maji yoyote ya kimiminika, yatakuwa ya chumvi kali, kwa sababu chumvi ndiyo inayozuia maji yasigande wala yasichemke upesi. Europa, mwezi wa Mshtarii, nao unaaminika kuwa na bahari ya chumvi chini ya barafu. Aliyezaliwa kwenye chumvi ana haki ya kualikwa.

Mwaliko ulitoka Amerika Kusini. Ximena Abrevaya wa Argentina na wenzake wa Brazil walimpeleka mkazi wa Magadi kwenye maabara ya sinkrotroni, mtambo unaozungusha elektroni kwa kasi ili zitoe mwanga mkali, mjini Campinas. Pamoja naye walimpeleka Haloferax volcanii, arkea mwenzake apendaye chumvi, na Deinococcus radiodurans, bakteria aliyegunduliwa Marekani mwaka 1956 katika nyama ya kopo iliyokusudiwa kuuawa vijidudu kwa mionzi. Deinococcus ndiye bingwa wa kustahimili. Kila kiumbe kipya hupimwa dhidi yake. Seli kati ya laki moja na milioni moja zilitandazwa kwenye kila kichujio chembamba. Chumba kilivutwa hadi utupu wa sehemu moja ya bilioni kumi ya hewa ya usawa wa bahari, kisha mionzi ya urujuanimno ya utupu, ile ambayo hewa yetu haiipitishi kabisa, ikaachiliwa.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2011. Kwenye utupu peke yake mkazi wa Magadi alimshinda bingwa: karibu seli 4 kati ya 100 zilibaki hai, wakati za Deinococcus zilikuwa kama 1 kati ya 100. Mionzi ilipoanza, wote watatu walienda sambamba kwa dozi ndogo. Dozi ilipopanda, Haloferax alitoweka kabisa. Kwenye dozi ya juu kabisa asilimia 1 ya Deinococcus ilibaki, na ya Natrialba chini ya sehemu moja ya elfu. Sehemu hiyo ndogo bado ni viumbe hai, na ilikuwa mara ya kwanza kuripotiwa kwamba arkea wa chumvi wamenusurika katika hali zilizoigwa za kusafiri kati ya sayari.

Kinachokosekana mtungini

Somo la mwaka 1965 lilirudi tena mwaka 2008. Chombo cha Phoenix, kilichotua karibu na ncha ya kaskazini ya Mirihi, kilikuta perkloreti kwenye udongo, chumvi ambayo karibu hakuna chumba kilichokuwa kimeiweka. Mwaka 2017 Jennifer Wadsworth na Charles Cockell wa Edinburgh waliiongeza. Perkloreti ikipigwa na mionzi ya urujuanimno iligeuka sumu, na Bacillus subtilis akafa haraka kuliko kwa mionzi peke yake. Tafiti za miongo mizima zikahitaji kusomwa upya.

Kwa hiyo wanaojenga vyumba hivi hutafuta mahali duniani pa kuwapa viungo sahihi: udongo, chumvi, gesi, kiumbe. Udongo uliotumika sana tangu miaka ya 1990 ni majivu ya volkano ya Hawaii. Timothy Kral wa Chuo Kikuu cha Arkansas ameyatumia kufuga arkea wanaotengeneza methani kwa kula hidrojeni na kaboni dioksaidi, akawashushia mgandamizo hadi kiwango cha Mirihi, na baadhi walivumilia.

Msomaji wa Kivu atawatambua ndugu zao. Ziwa Kivu, lenye kina cha mita 485, limebeba chini ya mita 260 hivi gesi ya methani inayokadiriwa kuwa kilomita za ujazo 60, na sehemu kubwa imetengenezwa na arkea wa ukoo huo. Misafara ya watafiti wa Woods Hole wa Marekani, chini ya Egon Degens, ilikuja ziwani mwaka 1971 na 1972. Holger Jannasch akaandika mwaka 1975 juu ya bakteria wanaoila methani hiyo inapopanda juu. Karibu na hapo kuna lava. Ile ya Nyiragongo, iliyoshuka kuelekea Goma mwaka 1977, 2002 na 2021, ina silika kidogo mno, haifanani vizuri na basalti ya Mirihi. Ya Nyamulagira iko karibu zaidi. Juu ya lava changa za huko uhai unaanza upya, laikeni ya kijivu ikitangulia mimea yote.

Kipo pia kiungo kisichoonekana dirishani. Kila kipimo, kila kidhibiti cha pampu na taa ya chumba hicho kina bodi ya elektroniki, na bodi za aina hiyo mara nyingi hutumia kapasita za tantalumu kwa kuwa ni ndogo na zinadumu. Tantalumu hutoka kwenye koltani, na vilima vya Masisi ni miongoni mwa mahali inapochimbwa kwa wingi duniani. Inachimbwa kwa chepe na sururu, inaoshwa kwa maji ya mfereji, inabebwa kwa magunia mgongoni, na mara kwa mara kilima kinaporomoka juu ya wachimbaji. Ikifika viwandani ng'ambo huyeyushwa pamoja na ya nchi nyingine, na hapo jina la kilima linapotea.

Nani anauliza

Viumbe nao wamesafiri vivyo hivyo. Mwaka 2004 Shirika la Wanyamapori la Kenya lilidai hadharani kwamba vimeng'enya vilivyotokana na vijidudu vya maziwa ya magadi ya nchi hiyo vilikuwa vikiingiza fedha ng'ambo, kwenye sabuni na katika kufifisha nguo za jinzi, bila Kenya kupata mgao. Mzozo huo na mingine kama huo ilisukuma majadiliano yaliyozaa Itifaki ya Nagoya mwaka 2010, inayotaka nchi ya asili ishirikishwe na kugawiwa faida.

Mgao wa fedha ni haki, lakini katika kazi hii kuna mgao mwingine, wa swali. Anayechagua kitakachoingia mtungini ndiye anayeamua tutajua nini. Waliopima nitrojeni mwaka 1958 walipata jibu la nitrojeni. Waliosahau perkloreti walipata jibu lisilo na perkloreti. Na arkea wa Magadi alikaa katika orodha ya wataalamu miaka 27 kabla ya mtu kufikiri kumweka kwenye utupu. Wanaoishi kando ya Magadi na Kivu wangefikiri mapema zaidi kama wangekuwa na chumba.

Na chumba si ndoto ya matajiri pekee. Brazil ilianza mradi wa sinkrotroni ya Campinas mwaka 1987, wakati uchumi wake ukiyumba, ikatengeneza sehemu kubwa ya mtambo nyumbani, na mwaka 1997 ikaufungua kwa watafiti, wa kwanza wa aina yake katika nusu ya kusini ya dunia. Afrika bado haina hata mmoja. Chumba cha kuiga Mirihi ni rahisi kuliko sinkrotroni kwa mbali: pampu, mtungi wa gesi, baridi, taa, na umeme usiokatika. Lwiro, Kivu ya Kusini, kuna kituo cha sayansi kilichoanzishwa mwaka 1947, na Goma ina chuo kikuu na wataalamu wa volkano. Viungo viko saa chache kutoka milangoni mwao. Kinachosubiriwa ni serikali na vyuo kuamua kwamba jibu nalo lipatikane hapa, na kulilipia.